Kuusoma Mchezo wa Grandimasta: Utangulizi kwa Anayeanza Uchambuzi

Kama unajua jinsi kila kete ya sataranji inavyotembea, unajua vya kutosha kuanza somo hili. Huhitaji taji wala kombe, na huhitaji kukariri kurasa na kurasa za hatua za mwanzo wa mchezo. Unachohitaji ni ubao, kete zake, kalamu, na utayari wa kukaa na swali moja kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea.

Wanafunzi wengi ninaokutana nao hapa Kampala huja na malalamiko yaleyale. Wanasema wameufuata mchezo wa bingwa wa dunia tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, lakini hawakuona kitu. Huyu alisogeza ngome, yule akasogeza farasi, hakuna aliyepoteza kete ya maana, mara mmoja wao akatoa mkono na kukubali kushindwa. Kama nawe umewahi kuhisi hivyo, usijidharau. Mengi yaliyomo katika mchezo wa mabingwa ni yale ambayo hayakutokea: shambulio lililozimwa kabla halijaanza, njia iliyofungwa kabla mpinzani hajaipita, tishio ambalo wote wawili waliliona wakalikwepa kimyakimya. Kuyafukua hayo ndiko kunakoitwa uchambuzi, yaani kuurudia mchezo uliokwisha, hatua kwa hatua, ukitafuta sababu ya kila hatua.

Kwanza tuelewane kuhusu grandimasta ni nani. Hilo ndilo taji la juu kabisa analoweza kupewa mchezaji mbali na ubingwa wa dunia wenyewe, na akilipata halivuliwi kwa sababu ya uzee au kushindwa. Hutolewa na Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924. Mwaka 1950 shirikisho hilo liliwatambua rasmi wachezaji 27 wa kwanza. Siku hizi, kwa kawaida, anayelitaka lazima afikishe kiwango cha 2500 na pia apate matokeo ya daraja hilo katika mashindano yanayotambuliwa. Kiwango ni namba anayopewa kila mchezaji wa mashindano. Hupanda akishinda na kushuka akishindwa, na hupanda zaidi akimshinda aliye juu yake. Ngazi moja chini ya grandimasta yuko Masta wa Kimataifa.

Uganda inao Mamasta wa Kimataifa, miongoni mwao Elijah Emojong, Arthur Ssegwanyi, Harold Wanyama na Patrick Kawuma. Mwaka 2015 Ssegwanyi alisafiri hadi Baku, Azerbaijan, kucheza Kombe la Dunia, na katika raundi ya kwanza akapangiwa Anish Giri wa Uholanzi, ambaye wakati huo kiwango chake kilikuwa zaidi ya 2700. Giri alishinda michezo yote miwili. Natamani kila kijana wa hapa aketi na michezo kama hiyo, kwa sababu inamwonyesha wazi umbali uliobaki. Umbali huo unapitika. Amon Simutowe wa Zambia aliumaliza, akapata ugrandimasta mwaka 2009.

Huwezi kuzungumzia sataranji ya Kampala bila kufika mtaa wa Katwe. Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa huko mwaka 2004, wale hasa ambao hawakuvutiwa na kandanda, na aliyekuja kucheza alipata pia kikombe cha uji. Miongoni mwao alikuwamo Phiona Mutesi, aliyemfuata kaka yake hadi kwenye mafunzo hayo. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji, mashindano ya timu za taifa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, safari hiyo Khanty-Mansiysk nchini Urusi. Dina Kagramanov wa Kanada alimshinda katika mchezo wake wa kwanza, kisha akamzawadia vitabu vya sataranji ya juu. Mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, Mutesi alijipatia ngazi ya kwanza ya mataji ya wanawake. Wengi wanakijua kisa chake kwa filamu ya Mira Nair iliyotoka mwaka 2016.

Mimi katika kisa hicho huvutwa zaidi na vile vitabu. Watoto wa Katwe walijifunza kwa kucheza na kwa kuelekezana kwa mdomo, mkubwa kwa mdogo na mara nyingine mdogo kwa mkubwa. Anayejifunza hivyo huwa mkali wa kushambulia, jicho lake haraka, moyo wake mgumu. Ila kuna mambo ambayo wachezaji wa mtaa mmoja hawawezi kufundishana, kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kuyaona. Hayo yamo katika michezo ya magrandimasta, na milango yake ni hatua zilizoandikwa. Ndiyo maana mchezaji wa Kampala anahitaji uchambuzi pengine kuliko yule wa Moscow ambaye grandimasta anaishi mtaa wa pili.

Basi tuanze na alfabeti. Ubao una miraba 64. Safu zinazokwenda kutoka kwako kuelekea kwa mpinzani hupewa herufi, a hadi h, na mistari inayokata ubao kwa upana hupewa namba, 1 hadi 8, kuanzia upande wa Mweupe. Kila mraba kwa hiyo una jina lake: mfalme mweupe huanza e1, malkia mweusi d8. Ukizoea majina haya utaweza kuusoma mchezo uliochezwa popote na mwaka wowote. Katika maandishi utaona pia alama pembeni mwa hatua. Alama ya mshangao maana yake mchambuzi ameiona hatua hiyo kuwa nzuri sana. Alama ya kuuliza maana yake ameiona kuwa kosa. Nakuomba uzichukue kama maoni ya mtu aliyetangulia. Unaruhusiwa kubisha.

Kisha kuna thamani za kete. Askari tunampa 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei, maana akinaswa mchezo umekwisha. Hesabu hii ni ya lazima kwa anayeanza, naye ataitumia maisha yake yote. Lakini ni ya wastani tu. Farasi aliyebanwa pembeni mwa ubao, bila mraba wa kwendea, hana thamani ya 3 hata kama kitabu kinasema hivyo. Jambo zima ninalotaka kukufundisha limo humo: kete hupata thamani yake kutokana na mahali ilipo na kazi inayoifanya, na bingwa ni yule anayejua lini hesabu ya kitabu imeacha kusema kweli.

Kutokana na hilo huzaliwa swali la uchambuzi. Kila hatua huleta kitu na huacha kitu. Ngome ikienda e1, imeiacha f1. Askari akisonga mbele, miraba aliyokuwa akiilinda haina tena mlinzi, na yeye hawezi kurudi nyuma. Kwa hiyo usiishie kuuliza hatua hii inatishia nini, kama tufanyavyo sote tukiwa wapya. Uliza: imempa nini, na imemgharimu nini? Sehemu ya pili ya swali ndiyo wengi huisahau, na huko ndiko magrandimasta wanakotofautiana nasi.

Hapa nitenganishe maneno mawili ambayo yatakuchanganya kama hatukuyatenga mapema. Mbinu ni mfuatano mfupi wa hatua unaoweza kuhesabika hadi mwisho: nikila hapa, lazima ale, nikitoa cheki (yaani nikimtishia mfalme moja kwa moja) lazima akimbie, nami namchukua malkia. Mchezaji mwenye uzoefu wa omweso, yaani bao la Uganda, anaifahamu kazi hiyo, maana huhesabu kichwani mbegu zitaishia shimo gani kabla mkono haujagusa ubao. Mkakati ni mpango wa muda mrefu usiohesabika hadi mwisho. Unauamua kwa kuitazama nafasi, yaani mpangilio wote wa kete ulivyo sasa, na kuona nini kina nguvu na nini ni dhaifu. Mbinu huamua nani anakula leo. Mkakati huamua mbinu zitapatikana kwa nani kesho.

Mfano wa kwanza ni mwepesi na ni wa zamani, wa kabla taji la grandimasta halijakuwapo. Mwaka 1858, ndani ya jumba la opera mjini Paris, Mmarekani Paul Morphy, kijana wa miaka 21, alicheza dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard, waliokuwa wakishauriana. Mchezo ulikwisha kwa hatua 17. Morphy alitoa farasi, akatoa ngome, na katika hatua ya 16 akatoa hata malkia kwenye mraba wa b8. Hatua iliyofuata ngome yake ilitua d8 na kumnasa mfalme. Utoaji wa namna hii, kuacha kete iliwe kwa makusudi ili upate kitu kikubwa zaidi, huitwa kafara.

Anayeanza hulistaajabia kafara la malkia akaishia hapo. Wewe tazama ubao wa mwisho. Morphy amebakiwa na ngome moja na askofu mmoja, ukiacha mfalme na askari. Wapinzani wake wana malkia, ngome, askofu na farasi. Kwa hesabu ya kitabu wao ni matajiri. Sasa tazama zile kete zao za h8 na f8: ile ngome na yule askofu hawajasogea hata mara moja tangu mchezo uanze. Wakati wapinzani wake walipokuwa wakipoteza zamu kwa kusogeza malkia na askari, Morphy alitumia karibu kila zamu kutoa kete mpya na kuileta vitani. Kuzitoa kete kutoka makao yake ya mwanzo na kuzipa kazi ndiko tunakoita ukuzaji. Alilipa kete, akapata zamu. Swali letu limejibiwa, na kafara lililoonekana kuwa la kichaa limegeuka kuwa biashara ya wazi.

Huo ulikuwa mfano wa mbinu zilizozaliwa na nafasi nzuri. Ninaoupenda zaidi ni huu unaofuata, nami nitakaa nao. Tafadhali panga kete.

Oktoba 1971, Buenos Aires, Argentina. Bobby Fischer wa Marekani anacheza na Tigran Petrosian wa Umoja wa Kisovieti, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969. Mshindi atamkabili bingwa wa wakati huo, Boris Spassky. Ni mchezo wa saba, Fischer ana kete nyeupe, na tumefika hatua ya 22. Weka kete za Mweupe hivi: mfalme g1, ngome a1 na e5, askofu d3, farasi c5, askari a2, b4, f3, g2 na h2. Za Mweusi ni hivi: mfalme f8, ngome a7 na a8, askofu d7, farasi f6, askari a6, d5, f7, g7 na h7. Hesabu: pande zote zina ngome mbili, askofu, farasi na askari watano. Sawa kwa sawa.

Kabla hujaendelea kusoma, mtazame farasi wa c5. Askari wa b4 anamlinda, na hakuna askari mweusi anayeweza kumfukuza. Mraba wa namna hii, ambapo kete yako imelindwa na askari wako nao askari wa mpinzani hawawezi kuifikia, huitwa kituo. Farasi katika kituo ni ndoto ya kila mchezaji. Sasa mtazame askofu wa Mweusi pale d7. Yeye hutembea kwenye miraba myeupe peke yake, na askari wake mwenyewe wa a6 na d5 wamesimama kwenye miraba myeupe, wakimzibia. Askofu anayezibwa na askari wa upande wake huitwa askofu mbaya. Vitabu vyote vitakwambia: mpinzani mwenye askofu mbaya mwachie huyohuyo, na farasi wako mzuri mtunze.

Fischer alimchukua farasi wake mzuri akamla askofu mbaya, kwa cheki. Petrosian akamla farasi kwa ngome ya a7. Inasimuliwa kwamba grandimasta Miguel Najdorf, aliyekuwa akiufuatilia mchezo huo mjini humo, aliishangaa hatua hiyo. Ukiishangaa wewe pia, uko katika kundi la watu wenye akili zao.

Tulitumie swali letu. Imemgharimu nini? Farasi mwenye kituo, kete iliyoonekana bora kuliko zote ubaoni. Imempa nini? Hapa ndipo pa kusogeza kiti karibu. Kwanza, askofu mbaya alikuwa na kazi. Alikuwa tayari kwenda b5 na kuwabana maaskofu wabadilishane. Fischer akimla hapo b5, askari wa a6 angekula kwenda b5, safu ya a ingefunguka, na ngome mbili za Petrosian, zilizokuwa zimefungiwa kazi ya kumlinda askari mmoja wa a6, ghafla zingekuwa zinamtazama askari wa a2. Hatua moja ingezigeuza kutoka walinzi hadi washambuliaji. Fischer aliizuia kabla haijachezwa.

Pili, angalia farasi amesimama safu gani. Safu ya c haina askari hata mmoja. Safu kama hiyo huitwa safu wazi, na ni barabara ya ngome. Lakini aliyeiziba barabara hiyo alikuwa farasi yuleyule mzuri. Alipoondoka tu, hatua iliyofuata ngome ya Fischer ilikwenda c1, na hatua ya 24 ikafika c7, kwenye mstari wa saba, ndani ya kambi ya mpinzani.

Tatu, tazama waliobaki. Askofu wa Fischer pale d3 anaona pande zote mbili za ubao na anamtishia askari wa a6. Farasi wa Petrosian pale f6 amefungwa kamba: ndiye mlinzi wa askari wa d5, na ndiyo maana hata kumla yule farasi wa d7 hakuweza kwa raha, kwani ngome ya e5 ingemchukua askari huyo. Miraba ya e4 na g4 imefungwa na askari wa f3. Kwa bei ya kitabu, askofu na farasi ni sawa, 3 kwa 3. Katika nafasi hii hawakaribiani.

Yaliyofuata unaweza kuyafuata mwenyewe. Fischer hakukimbilia kula chochote. Mfalme wake alitembea polepole, f2, f3, e3, d2, wakati Petrosian akisukuma askari kwa kukosa hatua njema. Katika hatua ya 31 ngome ya pili iliingia e7, na ngome mbili zikawa bega kwa bega kwenye mstari wa saba. Hatua ya 34 Petrosian alikubali kushindwa. Fischer alishinda pambano hilo kwa pointi 6½ kwa 2½, na mwaka uliofuata, Reykjavik, Iceland, akawa bingwa wa dunia.

Labda unajiuliza: je, Fischer aliyaona yote hayo, au tunampamba baada ya tukio? Ni swali halali, na limefanyiwa utafiti. Mwanasaikolojia wa Uholanzi Adriaan de Groot aliwapa magrandimasta na wachezaji wa kawaida nafasi zilezile, akawataka wafikiri kwa sauti. Magrandimasta hawakuonekana kuhesabu mbali zaidi sana. Walichowazidi wenzao ni kwamba tangu mwanzo waliangalia hatua zilizo bora. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani wakaonyesha kwamba mchezaji mkubwa akionyeshwa nafasi ya mchezo halisi kwa sekunde chache, huikumbuka vizuri kuliko mchezaji mdogo, ila kete zikimwagwa ovyo ubaoni, ubora wake karibu wote hutoweka. Kumbukumbu yake haina ajabu yoyote. Anachokumbuka ni mipangilio yenye maana aliyokwisha kuiona. Fischer hakulazimika kuhesabu hadi hatua ya 34. Ilimtosha kutambua safu wazi, askari dhaifu na farasi aliyefungwa. Kwangu hii ndiyo habari njema kuliko zote katika fani hii, maana mipangilio hujifunzwa.

Sasa nafasi ngumu zaidi, nami nitaipitia kwa ufupi, kwani utaifaidi ukishaufanyia kazi mchezo uliotangulia. Zürich, 1953. Petrosian huyuhuyu, kijana bado, ana kete nyeusi dhidi ya Samuel Reshevsky wa Marekani. Reshevsky amejenga ukuta wa askari katikati, d4 na e5, na askari wa e5 anajiandaa kusonga na kuvunja kila kitu. Katika hatua ya 25 Petrosian aliichukua ngome yake akaiweka e6, mbele ya askofu wa mpinzani, iliwe. Hapakuwa na cheki wala tishio lolote lililofuata. Kutoa ngome yenye 5 kwa askofu mwenye 3 huitwa kafara la tofauti, na kwa kawaida hufanywa kwa ajili ya shambulio. Hili lilifanywa kwa ajili ya mraba.

Farasi wake wa c6 alipita e7 akaenda kukaa d5, kituo ambacho hakuna askari mweupe angeweza kukifikia. Reshevsky alipoila ngome, askari wa Petrosian aliyekula kule e6 aliifunga njia ya yule askari wa e5. Ukuta wa Reshevsky ulikuwa mzima, lakini haukuwa tena na pa kwenda, na ngome zake hazikuwa na barabara. Mchezo ukaisha sare kwa hatua 41. Ukiona ugumu kuikubali hatua hiyo, irudie baada ya miezi kadhaa. Nimeona wanafunzi wakiipinga kwa nguvu na baadaye wakaicheza wenyewe.

Tufike kwenye kazi yenyewe. Chukua mchezo mmoja, ufunike kwa karatasi, ufunue hatua moja moja. Kabla ya kufunua, andika hatua mbili au tatu ambazo wewe ungezifikiria. Hizo huitwa hatua teule, na Alexander Kotov, grandimasta wa Kisovieti, ndiye aliyeeneza mazoea ya kuziorodhesha kabla ya kuanza kuhesabu yoyote. Kisha funua. Kama bingwa amecheza ulichoandika, endelea. Kama amecheza kingine, simama hapo. Uliza swali letu, pande zote mbili, na uandike jibu kwa sentensi kamili. Sentensi zinakulazimisha kuwa mkweli, maana kichwani mtu hujidanganya kwa urahisi. Usifanye hivyo kwa kila hatua, utachoka. Chagua zile ambapo kete zimebadilishana, askari wamegusana, au bingwa amefanya usilolitarajia. Katika mchezo wa hatua 40 huwa ni chache, na ndizo tunazoziita hatua za kuamua.

Najua utaniuliza kuhusu kompyuta. Simu yako inaweza kuendesha Stockfish, programu ya bure inayomshinda binadamu yeyote aliye hai, na tangu kompyuta Deep Blue ilipomshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997 hakuna aibu kuisikiliza mashine. Itakupa namba, tuseme +0.8, maana yake Mweupe yuko mbele kidogo. Namba hiyo ni sahihi kuliko maoni yangu. Lakini haikwambii kwa nini, na anayeifungua kabla ya kufikiri hujua jibu bila kujua swali. Fikiri kwanza, andika, ndipo uiulize. Ikikupinga, hapo ndipo somo lako la siku lilipo: rudi ubaoni utafute ulichokosa kukiona.

Na usifanye peke yako kila siku. Mashindanoni wachezaji wengi, mchezo ukiisha, huketi tena na yule aliyewashinda au waliyemshinda, wakarudia hatua zote kwa pamoja, kila mmoja akieleza alichokiogopa. Ni desturi nzuri, na haigharimu shilingi. Ukishindwa, omba kuketi naye. Watu wengi hukubali, na utastaajabu kusikia mara ngapi mpinzani aliogopa hatua ambayo wewe hata hukuifikiria.

Anza na mchezo wa saba wa Buenos Aires. Hatua zake zote 34 zinapatikana bure mtandaoni, na sasa unajua ni wapi pa kusimama. Hatua ya 22 nimekueleza mimi. Sababu ya mfalme wa Fischer kutembea kutoka g1 hadi d2 nimeiacha kwa makusudi. Itafute wewe, uiandike, kisha umwonyeshe mwenzako mkabishane.